Mbatata ya Japani: Safari ya Kiazi Kitamu Kutoka Likuni Hadi Dzaleka

Jirani yetu wa Likuni alikuwa na shamba dogo nyuma ya nyumba yake, lisilozidi nusu eka. Hakutia mbolea ya dukani wala hakupulizia dawa. Alitumia mboji, samadi ya mbuzi na majani makavu aliyoyatandaza juu ya matuta ili udongo usikauke. Sisi vijana wa jirani tulimwita Agogo, yaani bibi, kama wajukuu wake walivyomwita. Matuta yake mengi yalikuwa ya mahindi, maboga na karanga. Lakini matuta sita ya mwisho, upande wa bondeni, yalikuwa na viazi vitamu vyenye ganda la zambarau na nyama ya rangi ya maziwa inayogeuka njano ikiiva. Viazi hivyo aliviita mbatata ya Japani.

Likuni ni kitongoji kilicho pembeni mwa mji wa Lilongwe. Kinajulikana kwa misheni ya Kikatoliki ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, pamoja na hospitali na shule zake. Jina lake limeenea Malawi nzima kwa sababu ya Likuni Phala, uji wa unga wa mahindi na soya wanaopewa watoto. Hapo ndipo familia yangu ilipopanga nyumba ya vyumba viwili baada ya kutoka Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyoko wilaya ya Dowa. Baba yangu ni mtu wa Uvira, mama yangu ni Mrundi, nami nililelewa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyowakutanisha.

Tulipopewa darasani kazi ya kuandika historia ya kitu kimoja cha nyumbani, wenzangu walichagua redio, kitenge na baiskeli. Mimi nilichagua kiazi cha Agogo. Katika insha hii ninakusudia kuonyesha jambo moja: kiazi kitamu, kila kilipofika, watu walikiita kwa jina la mahali au la mtu waliyekipokea kwake. Kwa hiyo majina yake yanatunza kumbukumbu ya safari, zikiwemo safari ambazo hatupendi kuzikumbuka. Nitaanza jikoni, kisha nitakwenda Japani, kisha Ziwa Malawi, na mwisho nitarudi Dzaleka, ninakoishi sasa.

Mara ya kwanza Agogo alitupa beseni dogo la viazi hivyo, mama alivipika kama alivyozoea kupika ibijumbu, jina la viazi vitamu kwa Kirundi. Alivimenya, akavikata, akavichemsha kwa moto mkali pamoja na maharage. Vilitoka vikavu kama unga, vikakwama kooni, na utamu haukuwepo. Kesho yake Agogo aliuliza vilikuwaje. Mama akajibu kwa adabu kwamba vilikuwa vizuri. Agogo akacheka, akasema neno moja la Kichewa: "Mwafulumira." Mmefanya haraka.

Alitueleza makosa yetu mawili. La kwanza, viazi vilikuwa vimechimbwa jana yake. Viazi vya namna hii haviliwi vikitoka tu ardhini. Huwekwa kivulini bila kuoshwa, wiki mbili au tatu, mpaka vidonda vya jembe vikauke na utamu uanze kujikusanya. La pili, moto ulikuwa mkubwa. Baadaye nilisoma sababu yake. Ndani ya kiazi kuna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari iitwayo maltosi, nacho hufanya kazi vizuri joto linapokuwa karibu nyuzi 70. Moto mkali huipita hatua hiyo upesi na kukiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Moto wa polepole hukipa muda. Wajapani wana chakula cha barabarani kiitwacho yakiimo, yaani kiazi kilichochomwa, ambacho kwa kawaida huokwa taratibu kwenye mawe ya moto, kwa sababu hiyo hiyo.

Basi tulisubiri. Wiki ya tatu mama aliwasha mbaula, jiko la makaa ambalo yeye huliita imbabura. Aliacha makaa yafifie mpaka yakafunikwa na majivu, akapanga viazi vizima na maganda yake, akafunika kwa sufuria kuukuu. Kila baada ya dakika kumi aliligeuza kila kiazi. Ilichukua zaidi ya saa moja. Ganda lilinywea, na mahali palipopasuka palitoka majimaji mazito yanayonata kama asali. Tulikula bila chai wala chumvi. Mama alikaa kimya, kisha akasema kwamba baba yake, kule Burundi, alikuwa akifukia ibijumbu kwenye majivu ya moto jioni ili watoto wavikute asubuhi. Kumbe ujuzi ule alikuwa nao. Ulipotea kwa sababu ya makaa ya kununua na maisha ya kukimbizana.

Nilimuuliza Agogo kwa nini viazi vinaitwa vya Japani. Alisema alipewa marando na kijana wa Kijapani aliyekuwa akifundisha katika shule ya jirani. Mwanawe alisema hapana, mama alinunua marando hayo sokoni kwa mtu aliyetoka Mchinji. Mzee wa nyumba ya pili alisema aliyeyaleta alikuwa Mchina. Katika somo la historia simulizi tumefundishwa kulinganisha masimulizi kabla ya kuyaamini. Habari ya Agogo ina mashiko, kwa kuwa vijana wa kujitolea kutoka Japani wamekuwa wakifika Malawi tangu 1971. Lakini nilichokiona muhimu zaidi ni kwamba masimulizi yote matatu yalikubaliana juu ya jambo moja: kiazi kina mtu aliyekileta, na mtu huyo ndiye anayetajwa.

Japani nako ni hivyo hivyo. Kiazi kitamu si cha asili ya huko. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, kilikolimwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajafika. Wahispania walikivusha bahari hadi Ufilipino. Mwaka wa 1593 mfanyabiashara aitwaye Chen Zhenlong aliyachukua marando kutoka Luzon hadi Fujian, Uchina; inasimuliwa kwamba aliyaficha kwa kuyasokota pamoja na kamba ya meli, maana ilikatazwa kuyatoa. Mwaka wa 1605 Noguni Sokan aliyatoa Fujian na kuyapeleka visiwa vya Ryukyu, ambavyo leo ni Okinawa. Mwaka wa 1705 baharia Maeda Riemon aliyatoa Ryukyu na kuyapeleka kwao Satsuma, kusini mwa Japani.

Wakati wa njaa kubwa ya 1732, iliyoteketeza mpunga wa magharibi mwa Japani, sehemu zilizokuwa zimekwisha kulima kiazi hiki zilistahimili zaidi kuliko nyingine. Mtawala Tokugawa Yoshimune akamwagiza mwanachuoni Aoki Konyo akijaribu mjini Edo, na mwaka wa 1735 majaribio yakafaulu. Watu wakambandika Aoki jina la Mwalimu wa Kiazi. Sasa tazama majina. Watu wa Satsuma walikiita karaimo, yaani kiazi cha Uchina, ingawa wao walikipokea kutoka Ryukyu. Watu wa Edo na kwingineko walikiita satsumaimo, kiazi cha Satsuma, na hilo ndilo jina lake la Kijapani mpaka leo. Hakuna aliyekiita kiazi cha Amerika.

Malawi pia ina ushahidi wake. Moja ya aina za viazi vitamu zilizoenea sana nchini, iliyoidhinishwa rasmi mwaka wa 1988, inaitwa Kenya. Ukienda soko la Lilongwe utasikia wauzaji wakisema wana Kenya, nao hawazungumzii nchi. Neno mbatata lenyewe limesafiri mbali zaidi. Lilitoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, likachukuliwa na Wahispania na Wareno kama batata, nao Wareno walikuwa wamekaa kando ya mto Zambezi, Sena na Tete, tangu karne ya 16. Kichewa kikaliita mbatata na kulipa kiazi kitamu. Pwani ya Waswahili nako neno ni hilo hilo, lakini kwa Unguja na Mombasa mbatata ni kiazi cha Ulaya, kile cha mviringo. Niliposoma mara ya kwanza habari za urojo wa Zanzibar wenye mbatata, nilishangaa watu wanawezaje kutia kiazi kitamu kwenye mchuzi wa ukwaju na maembe mabichi. Neno lilikuwa moja na chakula viwili.

Hapa ndipo chungu cha Agogo kilipoanza kunisumbua. Viazi vilivyobaki, vile vidogo visivyofaa kuchomwa, alivipikia futali. Alivimenya na kuvikata, akavichemsha kwa maji kidogo na chumvi, kisha akamwagia nsinjiro, unga wa karanga zilizotwangwa, na kuacha vichemke polepole mpaka mchuzi uwe mzito. Kila Mmalawi anaijua futali. Inaweza kuwa ya mbatata, ya mihogo, ya maboga au ya ndizi.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa amekwisha kusikia alichokisikia sikio langu. Pwani, mwezi wa Ramadhani, jua likizama, Waislamu hula futari. Neno limetokana na Kiarabu, lenye maana ya kufungua saumu. Lakini katika matumizi ya kila siku futari imekuwa pia jina la vyakula vyenyewe: viazi vitamu, mihogo, ndizi na maboga, vilivyopikwa kwa tui la nazi. Huanza na tui jepesi ili viive, tui zito likafuata mwishoni, na viazi vikatiwa iliki na sukari kidogo. Linganisha orodha hizi mbili. Vyakula ni vile vile vinne. Njia ya kupika ni ile ile. Kichewa hakitenganishi sana sauti za r na l, kwa hiyo futari kuwa futali si jambo la kushangaza. Nazi haistawi katika uwanda wa juu wa Lilongwe, na karanga zinastawi, basi tui limebadilishwa na nsinjiro. Kilichodondoka njiani ni saumu. Agogo ni Mkatoliki, na futali hupika siku yoyote. Hoja yangu ni kwamba futali ni futari iliyopanda kutoka pwani.

Ilipandaje? Wasomaji wa historia ya Ziwa Malawi wanaijua njia hiyo. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara wa pwani, alivuka ziwa na kujiweka Nkhotakota, akaitwa Jumbe. Yeye na waliomrithi walileta Uislamu, Kiswahili, kilimo cha mpunga na ujenzi wa vyombo vya majini. Pia walifanya biashara ya pembe na ya watu. Misafara ilivushwa ziwa kuelekea Kilwa, na Wayao wa mashariki ya ziwa walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia hiyo. David Livingstone alipopita Nkhotakota mwaka wa 1861 aliwakuta Waarabu wakiunda dau la kuvushia watumwa. Kaskazini, Karonga, Mlozi aliendelea mpaka aliposhindwa vita na kunyongwa mwaka wa 1895. Baada yao waliendelea kuja walimu wa Kurani, wenye maduka na vibarua, kwa hiyo njia za neno hazikuwa moja tu. Lakini mlango wa kwanza ulifunguliwa na misafara ile.

Niliposoma hayo nilihisi aibu, kisha nikahisi kitu kingine. Sisi wakimbizi wa Dzaleka tulijiona kama watu waliokileta Kiswahili Malawi. Kambi imejaa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili ndicho cha sokoni, cha kanisani na cha uwanja wa mpira. Wenyeji nao walituambia hivyo hivyo: hii ni lugha ya wageni. Kumbe Kiswahili kilikuwa ndani ya chungu cha Agogo kabla ya babu yangu kuzaliwa. Kilikuwa mlangoni pake pia, maana Mchewa akibisha husema odi. Na Kiswahili changu mwenyewe kilifika Uvira kwa njia isiyo tofauti: misafara ya Ujiji iliyovuka Ziwa Tanganyika ikitafuta pembe na watu, wakati wa akina Tippu Tip na Rumaliza. Lugha niliyonyonya na chakula cha jirani yangu vimetoka safari za aina moja, na safari hizo zilipita juu ya migongo ya watu. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeisifu lugha hii kuwa ya kuunganisha Afrika anapaswa kulisema na hili. Halipunguzi thamani ya lugha. Linaeleza kwa gharama gani tumeipata.

Sasa nirudi kwa familia yangu. Malawi imepokea wakimbizi wengi. Wakati wa vita vya Msumbiji ilihifadhi watu wapatao milioni moja, nchi maskini yenye ardhi ndogo. Lakini ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka wa 1987, iliweka masharti, likiwemo la kuwawekea wakimbizi mipaka ya mahali pa kuishi. Dzaleka yenyewe ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Watu husema jina lake linatokana na maneno ya mfungwa anayeahidi kwamba ameacha, hatarudia. Ilifunguliwa kuwa kambi mwaka wa 1994 kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Mwaka wa 2023 amri ilitekelezwa kwamba wakimbizi wanaoishi mijini na vijijini warudi kambini. Sisi tulihama Likuni mwezi wa Mei.

Tulikuwa na saa chache za kufunga mizigo. Baba alichukua vyeti na magodoro. Mama alikwenda kwa Agogo kuaga, akarudi na kitu kilichofungwa kwa kitambaa kilicholowa. Baba alidhani ni nyama. Yalikuwa marando, kama hamsini hivi, kila moja na urefu wa dhiraa. Baba alikasirika kidogo. Alisema tunaacha kitanda tunabeba majani. Mama hakumjibu, akayaweka mapajani mwake njia nzima, karibu kilomita hamsini.

Wakati huo sikuona chochote cha ajabu. Niliona miezi kadhaa baadaye, niliposoma habari za Chen Zhenlong na kamba yake ya meli, na za Noguni Sokan na Maeda Riemon. Kiazi kitamu hakisafirishwi kwa mbegu kama mahindi. Husafiri kwa kipande cha rando kinacholoweshwa na mtu anayekijali, siku baada ya siku, kwa kuwa kikikauka kimekufa. Katika kila hatua ya historia niliyoieleza alikuwepo mtu aliyelibeba na kulitia maji. Vitabu vimetunza majina matatu au manne, yote ya wanaume. Nadhani wengi wao walikuwa kama mama.

Mwezi wa Mei si wakati wa kupanda Malawi, kwa sababu mvua zimekwisha. Mama alichimba shimo dogo nyuma ya nyumba, mahali maji ya kuogea yanapotokea, akayasimika marando humo. Alifundisha watoto wasimwage maji ya kuoshea vyombo penginepo. Kufikia Novemba yalikuwa yametambaa mpaka ukutani. Mvua zilipoanza tulipiga matuta mawili, hatuna nafasi ya matatu. Majani tuliyachuma kidogo kidogo tukala kama matembele, ambayo Wamalawi huita kholowa. Mwezi wa tano tulichimba, tukaweka kivulini, tukasubiri wiki tatu. Safari hii hakuna aliyefanya haraka. Tulivichoma kwa makaa yaliyofifia, na vile vidogo mama akavipikia futali ya nsinjiro, chakula ambacho hakukijua alipokuwa Burundi.

Majirani waliona maganda ya zambarau wakaja kuomba marando. Wa kwanza alikuwa mama wa Kinyarwanda, ambaye kwake viazi ni ibijumba. Wa pili alikuwa mzee wa Fizi, kisha wakaja wenyeji wa vijiji vinavyozunguka kambi, ambao hununua na kuuza sokoni kwetu. Mama hamnyimi mtu rando, kwa kuwa hata yeye hakulinunua. Sasa viazi hivyo viko nyuma ya nyumba nyingi ambazo siwezi kuzihesabu.

Juzi mama mmoja nisiyemfahamu alibisha hodi akiwa na mfuko mtupu. Alisema ameelekezwa hapa kwamba ndipo penye viazi vya Likuni. Nilitaka kumsahihisha, nimwambie ni vya Japani. Mama alikuwa amekwisha kuinuka, anachukua kisu.